Ng'ombe Mmoja wa Mwalimu Déogratias

Goma, 6 Mei 1978

Mdogo wangu Adolphine,

Nakusalimu wewe, watoto wawili, na shemeji Déogratias. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Tangu Jumatatu tuna mkutano wa Tume ya Ujirani hapa Goma, wajumbe wa Zaïre, wa Rwanda na wa Burundi, na unajua maana yake kwa mtu wa mashine ya kuandikia: wao wanasema, mimi napiga. Siku nzima ya kwanza iliishia kwenye ubishi wa bendera ipi isimame katikati. Mwishowe katikati pakaachwa patupu na kila bendera ikapewa pembe yake. Baada ya hapo wamekubaliana juu ya saruji, maharage, umeme wa mto Ruzizi, na wafanyabiashara wadogo watakaovuka mipaka kwa karatasi moja ya nchi tatu. Kuna na sura ya usalama. Hiyo ni ndefu kuliko zote na haifai kwa barua ya familia.

Siku hizi barua zetu sisi wafanyakazi zinapita mezani kwa chef, mkubwa wa ofisi, kabla ya kufungwa. Ni utaratibu mzuri, unatuzuia kuandika upuuzi.

Sasa jambo lenyewe. Nimefikiri sana habari ya yule ng'ombe ambaye Deo alitutolea, aliye kwa baba mdogo, Papa Théodore, kule Walungu. Nataka arudi kwa Deo. Deo aende kumchukua mwenyewe, asitume mtu, na awe amefika kabla ya tarehe ishirini ya mwezi huu. Akifika asiharakishe kurudi Bukavu. Akae na baba mdogo mpaka mambo ya ng'ombe yaishe, hata kama yatamaliza kiangazi chote. Padri wa shule nitamwandikia mimi.

Usibishane nami, tafadhali. Tangu baba alipofariki mimi ndiye mkubwa wa nyumba, na nimeamua.

Kaka yako,
Anaclet


Bagira, Bukavu, 14 Mei 1978

Yaya Anaclet, kaka yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni, mpaka samaki wadogo wa sambaza wakaungua kwenye mafuta. Watoto wamekula ugali na majani ya muhogo, na wamelalamika.

Hata mtoto mdogo wa kabila letu la Kishi anajua: ng'ombe wa mahari akirudi kwa aliyemtoa, mwanamke naye anarudi kwao. Kwa hiyo umevunja ndoa yangu kwa ukurasa mmoja, na salamu kwa watoto juu yake. Hukuja, hukuita wazee, hukuniuliza kama nimepigwa au nimelala njaa. Sijapigwa. Njaa ninalala nayo mara moja moja, kama kila mtu Bagira.

Najua hukumpenda. Siku ya mahari ulisema mbele ya wageni kwamba mtu aliyekimbia kwao hana ukoo, na asiye na ukoo hana wa kumlaumu akikosea. Alikuja na walimu wenzake wanne wawe ukoo wake, na ng'ombe mmoja aliyemtafuta kwa miaka miwili, mwembamba hata mbavu zinahesabika. Ulicheka. Mimi pia nilicheka, lakini mimi nilicheka kwa kumpenda.

Padri hajatufungisha ndoa mpaka leo kwa sababu anataka cheti cha ubatizo kutoka parokia ya Deo huko Burundi, na Deo hawezi kuandika barua kule, hata kuitaja parokia. Basi ng'ombe yule ndiye ndoa yangu yote. Sina kingine cha kuonyesha.

Deo sikumwonyesha barua. Aliniuliza, "Yaya anasema nini?" Nikamwambia unatusalimu na mgongo unakuuma. Akanituma nikuambie ukande kwa maji ya moto. Ndiye mtu unayemfukuza huyo.

Mdogo wako,
Adolphine M'Cirhuza


Goma, 23 Mei 1978

Adolphine,

Barua hii haikupita mezani kwa mtu. Anakuletea Adélaïde, yule mama wa Bagira anayeuza samaki huku, na nimemwomba apande boti ya kwanza. Isome mara moja, kisha iingie motoni.

Sivunji ndoa yako. Nilitaka kumwokoa mume wako, na nimefanya vibaya.

Nchi hizi tatu haziaminiani hata kwa kikombe cha chai. Kila mjumbe anakuja na mtu wake wa kumwandalia. Kuna jambo moja tu walilokubaliana bila kubishana: kila nchi imrudishie mwenzake watu waliomkimbia. Kila ujumbe ulileta orodha. Ya Burundi ina majina arobaini na moja, na la kumi na saba ni Nzisabira Déogratias, mwalimu. Nimelipiga kwa vidole vyangu. Deo hakufanya kitu, wewe unajua na mimi najua. Mwaka wa 1972 walimu kule walitafutwa na kuuawa kwa kuwa walimu tu.

Mbele ya kila jina kuna nafasi ya adresi, mahali mtu anapokaa. Yake iko tupu. Wanajua yuko Zaïre, basi. Hapo Bagira anaitwa mwalimu Deo, na jina la Nzisabira mnalijua wewe, padri wa shule na mimi. Nafasi ile tupu ndiyo inayomlinda. Tarehe ishirini orodha imetumwa katika ofisi zote za Bukavu, lakini bado wakati upo. Aende Walungu leo. Huko kwa Papa Théodore hakuna anayemuuliza mtu karatasi.

Nilikuwa natafuta maneno ambayo chef akiyasoma ataona ni mambo ya nyumbani tu. Katika mambo yote ya nyumbani nikachagua ng'ombe wa mahari. Miaka kumi ya kazi ya ofisi imenifanya nisahau kwetu ng'ombe huyo anasema nini. Tena nikaongeza ule ukubwa wa nyumba, ili utii haraka. Umenielewa kama mtu yeyote wa kwetu angenielewa, sina cha kukulaumu.

Na siku ile ya mahari nilikosea, kama unataka kulisikia na hilo.

Anaclet


Bagira, 31 Mei 1978

Yaya,

Sijapata jibu lako. Wanasema boti haina mafuta ya mazut tangu wiki iliyopita na wasafiri wanalala bandarini Goma, kwa hiyo labda umeniandikia na labda hapana. Barua hii naipa gari la mission, la mapadri, linalopita barabara ya Rwanda. Hasira imepungua. Nimechoka tu, na aliyechoka anaandika kwa adabu.

Nimefanya jambo ambalo hutalipenda. Nilimwambia Deo twende ofisini tuandikishe ndoa kwa serikali. Hakutaka. Alisema, "Adolphine, jina yangu haipende makaratasi. Tuikale hivi hivi." Nikalia. Sikumwambia sababu, nililia tu, siku mbili, mpaka akavaa suruali yake ya Jumapili akasema basi, kwa ajili yako.

Ofisini tulingoja tangu asubuhi. Karani alipomuuliza jina, Deo alijibu kwa sauti ya chini sana. Karani akasema, "Citoyen, sema nguvu. Jina yote." Deo akatazama mlangoni. Basi nikajibu mimi: "Nzisabira Déogratias, njo jina yake. Tunaikala Bagira, avenue ya pili, nyumba kumi na mbili." Karani hakutaka kuandika Déogratias, akasema majina ya Kizungu yalikatazwa. Nikamwambia huyu si Zaïrois, ni wa Burundi, jina lake ni lake. Akamwuliza mkubwa wake chumba cha pili, akarudi, akaandika yote. Tukaacha na picha moja moja.

Sasa nina karatasi yenye muhuri, jina lake na langu. Ng'ombe anaweza kurudi hata kesho na mimi nitabaki mke wa mtu. Sikufurahia kukushinda, Yaya. Ningependa ungekuwa upande wangu.

Njiani tukirudi tulipita sokoni. Deo akanunua miwa kwa ajili ya watoto.

Adolphine


Bagira, 9 Juni 1978

Anaclet,

Adélaïde alifika jana na barua yako. Alikuwa bandarini Goma siku kumi na tano. Aliitoa kifuani imelowa jasho, lakini inasomeka.

Deo walimchukua Jumatatu.

Walikuwa wanne. Mmoja alikuwa na nakala ya karatasi yetu ya ndoa, na picha yake ileile. Waliuliza wapi nyumba kumi na mbili, na mtoto wa jirani akawaonyesha kwa adabu. Deo alikuwa anasahihisha madaftari ya darasa la nne. Hawakumpiga. Walimwacha avae viatu. Aliniambia, "Madaftari ipeleke kwa padri, bilibaki sita tu." Nikampa koti. Ndiyo yote tuliyosema.

Nimesoma mahali uliposema nafasi ile tupu ndiyo inayomlinda. Mimi ndiye niliyeijaza. Kwa sauti, mbele ya watu, na yeye jina alikuwa analisema chini makusudi.

Wewe ulilipiga jina na mimi nikapeleka adresi. Nakuandikia hivi bila hasira. Nitafute hasira wapi, na kwa nani. Niambie tu wamempeleka wapi.

Adolphine


Goma, 16 Juni 1978

Mdogo wangu,

Nimeuliza kwa uangalifu, na nimepata jibu mahali ambapo sikuuliza, ndani ya karatasi za kupiga. Watu watano walikabidhiwa Ijumaa iliyopita mpakani, upande wa Uvira. Yeye ni wa tatu. Yuko Bujumbura, gerezani, na mpaka siku ya karatasi ile alikuwa hai. Wao nao wameturudishia wawili, sijui mama zao wako wapi leo.

Nakuambia kila kitu, kwa sababu kukuficha kumetufikisha hapa. Mimi ndiye niliyepiga taarifa ya mkutano. Kifungu cha nne kinasema malori ya saruji yatapita bila kuzuiwa. Cha tano kinasema watu watano wamerudishwa, na kwamba wajumbe wamefurahia moyo wa ujirani. Kisha walikunywa bia, na mjumbe mmoja alinipongeza kwa kazi safi isiyo na makosa. Nilimshukuru. Nilisema asante, Adolphine, mdomo ulisema wenyewe.

Umeniandikia bila hasira, lakini swali najua unalo. Ningeweza kuruka mstari wa kumi na saba? Nimelifikiri kila siku. Nakala ya asili walikuwa nayo, na majina walihesabu watu watatu, kila mmoja wa nchi yake. Wangegundua siku ileile. Huo ni ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba sikujaribu. Niliogopa nikiwa nimekaa, vidole vikaendelea kupiga.

Usije Goma. Usimwulize mtu yeyote ofisini kitu chochote. Nyumba hiyo sasa inajulikana, peleka watoto Walungu.

Anaclet


Walungu, 3 Julai 1978

Yaya,

Watoto wako hapa kwa Papa Théodore tangu wiki mbili. Mkubwa anauliza, mdogo ameacha kuuliza. Maharage yamekauka vizuri mwaka huu, Papa Théodore anakuambia hivyo, na kwamba uje uyale.

Mama mmoja wa Uvira ameniambia kwamba kule gerezani wafungwa hawapewi chakula cha kutosha, wanaishi kwa sahani ya nyumbani. Wake zao wanapika na kupeleka mlangoni. Deo hana mtu Bujumbura, ndugu zake ulisikia walivyokwisha mwaka ule wa 1972. Basi ninaenda.

Ulisema Tume yenu imekubali wafanyabiashara wadogo wavuke kwa karatasi moja ya nchi tatu. Nipigie hiyo karatasi. Nitabeba sambaza kavu, niuze, nipike. Usianze kunieleza hatari. Nimekaa na hatari mezani tangu Juni, naifahamu sura yake.

Hiki ndicho kitu pekee ninachokuomba tangu baba afe.

Adolphine


Goma, 20 Julai 1978

Adolphine,

Karatasi ndiyo hii, anakuletea Adélaïde. Ni halali, muhuri ni wa kweli, nimeisainisha kati ya karatasi sitini na hakuna aliyeitazama. Kazi: muuza samaki. Muda: miezi mitatu.

Sasa usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Kuna mstari wa ndoa. Wake wa watu wa orodha hawavuki. Likionekana jina la mume wanazuiliwa mpakani waulizwe, na wawili waliozuiliwa mwezi uliopita hawajarudi nyumbani bado. Kwa hiyo nimeandika: hana mume. Nilikaa mbele ya mstari ule muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya jina lake. Safari hii nilijua ninachopiga, na nitakavyosomwa na wewe.

Karatasi yako ya ndoa iache Walungu. Usiivae kiunoni, usiishone ndani ya kitenge, wanawake wote wanafikiri hapo hapatazamwi. Ukiulizwa, wewe ni binti wa Cirhuza, huna mume, unauza samaki.

Nenda, kisha rudi. Nisamehe kwa mstari huo kama huwezi kunisamehe kwa ule mwingine.

Anaclet


Bujumbura, 11 Agosti 1978

Yaya Anaclet,

Nilivuka bila shida. Mpakani walisoma karatasi, wakala sambaza mbili, wakasema pita. Nimepata chumba kwa mjane mmoja mtaa wa Buyenzi, ambako watu wanasema Kiswahili na hawaulizi sana. Samaki wanauzika. Afya ninayo.

Deo yuko hai. Nimeuliza mfungwa mmoja aliyeachiliwa, akaniambia mwalimu wa koti la kahawia yupo, amekonda, anafundisha wengine kusoma kwa kuchora chini kwa kijiti.

Lakini sijamwona, na chakula changu hajakila. Siku ya kwanza nilifika mlangoni na sahani. Mlinzi akaniuliza, "Mama, uko nani kwake?" Nikasema bibi yake, mke wake. Akaomba karatasi. Akaisoma polepole, akanirudishia. "Hapa banaandika hauna bwana. Huyu ni mutu ya ile liste ya majina, chakula yake inapokelewa kwa bibi tu, na bibi iko na karatasi." Hakuwa mtu mbaya. Alinishauri niende nikalete ile yenye jina.

Nimerudi pale siku tisa. Wake wengine wanafika, mlinzi anaingia, anaita jina la mume kwa sauti, na mume anajua kwamba mtu wake amekuja. Majina yanasikika mpaka nje ya ukuta. La Deo haliitwi. Yeye yuko ndani anasikia wengine wakiitwa, kila siku saa sita. Ananijua, hawezi kunifikiria vibaya upesi, lakini siku ni nyingi. Atafikiri nimemwacha. Atakufa akifikiri hivyo, Yaya, na mimi niko nje hapa na ugali unapoa mikononi mwangu.

Ile karatasi ya ndoa nimemwandikia Papa Théodore aipe Adélaïde aniletee. Wewe nipigie nyingine ya kuvuka, zilingane hizo mbili, na mstari ule uujaze vizuri. Najua ulichoniambia juu ya wake wanaozuiliwa. Nimelala na jambo hilo siku tisa. Watoto wana Papa Théodore, wana na wewe, na kama unasema unataka kuwa mkubwa wa nyumba, huo ndio ukubwa wenyewe. Hata nikizuiliwa baadaye, nitakuwa nimefika mlangoni na jina lake limeitwa kwanza, naye amelisikia. Itatosha mara moja.

Usinijibu kwa maneno. Kwenye orodha yako ulipiga jina lake peke yake. Sasa piga langu kando yake, na utume.

Adolphine,
mke wa Nzisabira Déogratias